Mama Aliponyamaza Redioni

Pulau Pinang,
Machi 1936

Dada yangu mpendwa Rokiah,

Salamu nyingi zikufikie huko Singapura, wewe na shemeji na mtoto wenu. Natumaini kikohozi chake kimepoa. Mimi ni mzima, ila siku hizi nasoma ukurasa mzima bila kujua nimesoma nini.

Uliuliza kama Mama ametulia. Dada, unamjua. Alianza kuigiza na kuimba kwenye mahema ya bangsawan akiwa mtoto, akicheza nyani. Akakua, sauti yake nzito ikampa nafasi za wana wa wafalme. Kisha akawa binti mfalme, akaimba kwenye santuri, na kila hema likamjua kwa jina la Melur. Sinema za kuongea zilipomaliza watazamaji wa mahema, wewe ndiye uliyemsihi ajaribu redio, apumzike. Alikubali kwa ajili yako.

Alhamisi ya kwanza nilimsindikiza. Alivaa taji na mapambo yote, wanamuziki wakacheka. Bwana Jamil, mtangazaji, akamwambia kwa adabu kwamba redio haina macho. Mama akamjibu kuwa koo lake linayo.

Akaimba ubeti wa kwanza vizuri mno, halafu akanyamaza. Unajua desturi ya jukwaani: mwimbaji haendelei mpaka watu wamchokoze. Lakini chumba kile kimezungukwa na mapazia mazito, hakuna hata wa kupiga chafya. Fidla ikawa inazunguka palepale, Bwana Jamil anapunga mikono kama anayefukuza nyuki, na Mama amesimama tu, anangoja.

Sijui nilipatwa na nini. Mimi, ambaye darasani nikiitwa nameza mate, nilipaza sauti kama wale wa viti vya nyuma: we Melur, umelala au umesahau wimbo? Mama akageuka, macho yamewaka, akanirudishia papo hapo kwamba anangoja wenye masikio, walaji njugu wafunge midomo! Kisha akaimba, Dada, kama nyumba inaungua.

Kesho yake mji mzima ulicheka. Mwenye duka la kahawa aliniuliza kama ni kweli Melur amemsuta mlevi redioni. Bwana Jamil akataka turudie kila Alhamisi, ila maneno yetu yaandikwe kwanza na kukaguliwa. Wiki iliyofuata nilisoma mzaha wangu, Mama akajibu alivyokaririshwa. Tulipotoka akasema ni kama kutaniana na maiti.

Tangu hapo akawa hatulii. Alikuwa akipanga sahani, anazipangua. Alikuwa akisimama dirishani huku mchele unaungua.

Sasa nisikufiche. Kundi moja la bangsawan lilikuwa linavuka bahari kwenda Medan, likamtaka acheze mama mkwe mwovu. Asubuhi ya safari aliketi kitandani kwangu, akaniuliza: nibaki, Diah? Akaapa kwamba nikisema abaki, atabaki, wala hatanung'unika. Najua ungependa nijibu nini. Hata mimi nilitaka kujibu hivyohivyo. Mitihani iko karibu, na nyumba bila yeye naiogopa. Nikamwambia nenda. Akanibusu kichwani, akashuka ngazi mbiombio, tayari anakikoromea kioo cha mlangoni kwa sauti ya mama mkwe.

Kama una hasira, zilete kwangu. Nipo kwa Shangazi Siah, nakula vizuri. Msalimie shemeji, mpakate mtoto kwa niaba yangu, na Mungu awalinde nyote.

Mdogo wako akupendaye,
Saadiah