Onyo Nililokatazwa Kutoa

Korogwe, Alhamisi. Tangu asubuhi mawingu yameganda juu ya milima ya Bungu. Huko mvua inanyesha. Huku chini tunapata fukuto tu. Sina hamu hata ya kula.

Mimi ndiye ninayeangalia kompyuta za hospitali yetu. Wiki iliyopita dada wa mapokezi alifungua barua pepe iliyojifanya imetoka kwa msambazaji wetu wa dawa, ati ina bei mpya. Kabla ya chai ya saa nne mafaili yote ya wagonjwa yalikuwa yamefungwa, na kwenye kioo cha kompyuta kuna maneno ya watu tusiowajua wakitaka walipwe ndipo wayafungue. Hatukuwalipa, maana nilikuwa na nakala pembeni. Lakini kwa siku kadhaa akina mama wa kliniki walirudi nyumbani bila majibu ya vipimo.

Mkurugenzi alituita sisi tuliojua, akafunga mlango. Habari hii haitoki humu, alisema. Nani atamleta mtoto wake hospitali iliyoingiliwa?

Nikaitikia. Nina mkataba, na nina mama ananitegemea kule Mkumbara.

Leo asubuhi, kwenye grupu letu sisi watu wa kompyuta wa hospitali na vyama vya ushirika, Mwanaidi wa kituo kimoja cha afya Handeni akauliza: "Jamani, kuna aliyepokea barua pepe ya bei mpya za dawa? Mhasibu wangu anataka kuifungua."

Grupu hilo tulilianzisha kwa ajili ya jambo hilohilo, kuonyana.

Niliandika, nikafuta. Nikaandika tena, nikafuta.

Nikaenda kwa mkurugenzi. "Shikamoo mzee. Naomba niwatumie wenzetu anwani ya aliyetuma na jina la faili tu. Hospitali sitaitaja."

"Marahaba. Sauda, kila mtu kwenye hilo grupu anajua unafanya kazi wapi. Ukiandika wewe, umeshaitaja."

Alisema kweli. Hapo ndipo niliponasa.

Nikatoka nyuma, karibu na jiko la wagonjwa, nikampigia Mwanaidi. "Usifungue," nikamwambia.

Akashtuka. "Kumbe yamewakuta ninyi?"

Nikamsomea ile anwani na kumweleza jinsi kirusi kinavyoingia. Muda si mrefu akayaweka yote kwenye grupu kana kwamba ameyagundua mwenyewe. Mtu wa ushirika mmoja akashukuru. Barua hiyohiyo ilikuwa tayari kwenye kompyuta ya karani wake, bado haijafunguliwa. Nikapumua.

Kwa kitambo kidogo tu.

Alasiri mkurugenzi akaniita, uso umekunjuka. "Umesikia? Handeni wameingiliwa. Wanasema mafaili ya wagonjwa yamepotea. Sasa unaona faida ya kunyamaza?" Akanipongeza. Nikatoka, nikashika simu.

Kufungua grupu, maswali yote yanamwangukia Mwanaidi: kwa kuwa ndiye aliyeeleza kila kitu, watu wameamini ni yeye aliyeingiliwa. Mmepoteza nini? Nani alizembea? Wakubwa wake nao wameshamtaka ajieleze. Nikampigia. "Niko nao hapa, dada," akasema kwa sauti ya chini. "Sijakutaja. Wewe tulia."

Nitulie!

Nimerudi nyumbani mapema. Nimekaa kizingitini tangu nifike, sijavua hata viatu. Nikisema, kazi sina. Nisiposema, mwenzangu anaadhibiwa kwa kuwa alinisitiri. Nimejaribu kutafuta njia ya tatu. Sijaiona.

Mwishowe nimeandika kwenye grupu: "Handeni hawakuingiliwa. Ni sisi Korogwe. Mwanaidi alionywa na mimi." Nikatuma kabla mkono haujarudi kufuta.

Nilidhani nitajisikia mwepesi. Wapi!

Simu inaita. Ni mkurugenzi. Sijui hata nianze na shikamoo au na samahani.