Muhuri wa mtoto

Shoga, usinipigie, huku kupokea simu hakuruhusiwi. Soma tu.

Niko ofisi ya uhamiaji tangu asubuhi. Nimepitiliza siku za viza. Mimi, ninayekukumbushaga hata tarehe zako za kliniki.

Unakumbuka nilivyokwambia, siku tunatua, mwanangu Kibonge alilia uwanja mzima ukageuka? Afisa akagonga pasipoti zetu mbili haraka haraka, tumpishe. Nikafungua ya mtoto, nikaona siku tisini, moyo ukatulia. Yangu sikuifungua. Nani angedhani mama na mwanawe watapewa siku tofauti?

Yangu ni thelathini. Thelathini, shoga. Na leo ni ya themanini na moja. Nilikuja kwa miguu yangu kuuliza habari za kuongeza muda.

Afisa wa hapa, mama mtu mzima, akasema, "Mtoto hana tatizo. Wewe binti ndiye uliyepitiliza."

"Mama, huyu bado ananyonya."

"Namwona. Andika barua, eleza ilivyokuwa."

Nikaandika ukweli, kwamba niliangalia muhuri wa mtoto peke yake. Akasoma mara mbili.

"Na wako hukuutazama?"

"Sikuutazama."

Akaingia ndani na pasipoti yangu, hajatoka. Wakinipiga marufuku kurudi, baba Kibonge ana mkataba wa miaka miwili hapa. Mtoto atamjulia baba yake kwenye simu.

Sasa hivi mlinzi kaja, kaniambia kwa upole kabisa: mtoto ruksa kutoka nje apate hewa, ila mimi nibaki.

Shoga, hajajua hata kutambaa.