Kabla Mama Yako Hajakuita Kutoka Barabara ya Namanga

Baba Nekesa wangu,

Mama yako amefika leo asubuhi kutoka Bungoma, miguu imefura kwa basi la usiku, na kabla hajaketi ameuliza, "Lile jiwe alilokalia bado liko?" Nimemwambia anywe chai kwanza. Kisha nikatoka nje nikaanza kufua nguo ambazo hata hazikuwa chafu. Wewe unanijua. Nikiwa na neno zito natafuta kwanza kazi ya mikono.

Kesho tutakuja hapo kwenye jiwe. Ndio maana nakuandikia leo.

Unakumbuka vile tulianza? Fekitri ya nguo kule Athi River ilituchukua sote wawili, wewe kwa pasi, mimi kwa cherehani, na baiskeli ilikuwa moja. Wiki ya kwanza tu kifua chako kikakataa. Ile pumu yako ya utotoni ilikuwa imelala miaka mingi, moshi wa Barabara ya Namanga ukaiamsha. Lori la saruji likipita, unaachilia usukani uzibe pua, baiskeli inayumba, mimi huko nyuma kwa keria napiga nduru. Mara ya pili tulipoangukia mtaroni nilikasirika nikakuambia, "Wewe shika usukani. Pua niachie mimi!"

Basi nikawa nalowesha kipande cha leso kabla hatujatoka. Wewe ulilijua lori kwa masikio, hata likiwa mbali. Unasema, "Lori!" Nami nanyoosha mkono kupita shingo yako, nakufunika pua na mdomo. Unaacha kukanyaga pedali, baiskeli inajiendea yenyewe ndani ya ule moshi mweusi, mpaka utawanyike nitoe mkono. Mimi hakuna aliyenifunika. Nilizamisha uso mgongoni kwako, kwa ile sweta ya kahawia iliyonuka jasho na mvuke wa pasi, na ulinitosha.

Wasichana wa fekitri walitucheka mpaka wakachoka. "Mama, mzee unamnyonga asubuhi yote hii?" Nawe unawajibu, "Wacheni aninyonge, si ni wangu?"

Jioni nikifua kile kitambaa, maji yalitoka meusi tii. Ulichungulia karai ukasema, "Leo umefua Nairobi nzima." Halafu unakunywa maziwa ya yule mama Mmaasai wa pale njia panda, ati yanaosha kifua. Sijui kama yaliosha. Nilipenda tu kukuona ukinywa.

Na yule mzee Mmaasai wa ng'ombe, unamkumbuka? Kila asubuhi alitusalimia kutoka kwa mifugo yake, "Supa!" na wewe hukukubali kumpita bila kuitika. Hata nikiwa nimekuziba mdomo, ulijibu "Ipa!" ndani ya leso, ikatoka sauti kama ya mtu anayezama. Mzee wa watu alicheka akishikilia fimbo.

Mimba ya Nekesa ilipokua, keria ikanishinda, nikaacha kazi. Nilikushonea kitambaa kizuri chenye lastiki ya masikio. Ulikivaa siku moja tu ukanirudishia. "Hiki kinanifunga tu. Mkono wako unajua wakati wa kutoka." Nilicheka, nikafurahi hata, jinga mimi.

Kiangazi ulipita njia ya ndani, katikati ya miiba, mbali na magari. Lakini mvua ikinyesha, ule udongo mweusi wetu unakwama kwa magurudumu mpaka hayazunguki, na hapo huna budi kurudi kwa lami, wewe na malori. Ilikuwa wakati wa mvua. Nekesa alikuwa ameanza kutambaa.

Yaliyofuata wewe hukuyaona, wacha nikuambie. Baiskeli uliisimamisha vizuri kwa stendi yake. Ukaketi kwa jiwe, kile kipande cha leso mkononi. Watu walikupita wakidhani umechoka unapumzika. Kisha yule mzee akaja na ng'ombe wake, akasema, "Supa." Hukuitika. Akasema tena. Alinisimulia mwenyewe, amesimama mlangoni, amekataa kuingia. "Mama, nikasema huyu mtu hawezi ninyamazia. Hapo ndio nilijua." Alikuinua yeye na watu wa barabarani, wakakukimbiza kwa daktari, lakini pumzi ilikuwa imeisha.

Alipotaka kwenda akageuka. "Nauliza tu, mama. Huyu bwana yako alikuwa anaambia nani?"

"Anaambia nani nini?"

"Tangu uache kupanda, akipita peke yake na gari kubwa ikuje, anasema lori! Na nyuma hakuna mtu."

Ai, Baba Nekesa! Kila jioni nilikuuliza barabara ilikuwaje, ukanijibu, "Sawa tu." Ungeniambia. Ningefanya nini, sijui, lakini ungeniambia.

Siku ya kukupeleka nyumbani, mama yako aliomba gari lisimame pale penye jiwe. Alitaka avunje tawi, akuite kwa jina, akubebe kwa hilo tawi, vile watu wenu humfanyia aliyefia mbali ili roho yake isibaki njiani. Wazee wa kanisa wakasema sisi ni watu waliookoka, hayo mambo tuliacha. Dereva akakanyaga mafuta. Mama yako alilia mpaka Nakuru, na tangu wakati huo anasema tulizika mwili tu. Ati hukufika. Anakusikia ukikohoa huko nje ya boma, anafungua mlango, hakuna mtu.

Kanisa langu silitupi, lakini mama yako hadanganyi. Hukufika. Uko hapa na mimi. Nikitembea kando ya lami na lori likikuja, nakusikia karibu na sikio, "Lori!" na mkono wangu unapanda wenyewe. Makanga wanadhani nasimamisha gari. "Mathe, unaenda?" Nawaambia siendi popote. Nekesa, ambaye sasa ako sekondari na anaona haya kwa kila kitu, hunivuta nguo: "Mum, aki shusha mkono."

Nimeambiwa nihame. Kitengela imejaa nyumba nzuri huko ndani, mbali na barabara, na kodi yake naiweza. Nimekataa miaka yote hii. Nilikuwa nawaambia watu duka langu la kushona liko karibu. Uongo mtupu. Nilikaa hapa kwa moshi kwa sababu ndipo unaponiita. Nilikupenda hivyo, na hata hivi ulivyo sasa nakupenda, na wakati mwingine nakuogopa.

Lakini wiki jana Nekesa aliamka ameshika kifua, mabega yamepanda, macho yametoka, akitafuta hewa vile wewe ulikuwa ukitafuta. Kifua ni chako kabisa. Daktari aliniuliza tunaishi wapi, nikamwambia, akaweka kalamu chini akanitazama. Nikatoka hapo nikampigia mama yako simu mimi mwenyewe. Nikamwambia, "Mama, njoo umchukue."

Kwa hivyo usimlaumu yeye. Ni mimi.

Kesho atavunja tawi la ule mgunga ulio karibu na jiwe. Atakuita Wafula, jina alilokupa yeye, kwa lugha aliyokulea nayo, na atakubeba mpaka Bungoma bila kumsalimia mtu njiani. Sisi tutahamia huko ndani, mbali na lami, Jumamosi. Nenda naye, tafadhali. Mtoto wako anataka kupumua.

Usinisubiri niseme kwaheri. Nitasimama kando na sitasema kitu, maana nikifungua mdomo nitakuomba ubaki.

Mke wako,
Mama Nekesa