Mkonge wa Kwamsisi na Mikoko ya Pwani

Mama mpendwa,

Shikamoo mama. Nakuombea barua hii ikukute goti limetulia na mvua za Korogwe hazijavuja tena juu ya kabati lako la vyombo. Huku kwetu hatujambo. Mume wangu Mdoe anakusalimu sana, na wajukuu wako kila siku wanauliza bibi anakuja lini. Mimi mwili ni mzima. Habari za moyo utazipata humu ndani.

Najua utashangaa kuona barua wakati simu ipo. Lakini mama, wewe ukipigiwa simu unaweka spika, na mtaa wote wa Kilole unapata habari kabla hujaaga. Haya ya leo tafadhali yasome umekaa.

Ile kazi niliyokueleza wakati wa Pasaka ya mwaka jana, ya mpango wa mazingira wa jiji, imefika mbali. Bahari inakula ufukwe wetu, visima vimeingia chumvi, na mvua kidogo tu mitaro inafurika. Halmashauri ikaamua kutenga ukanda wa mikoko kando ya maji: ndani yake hakuna kukata, hakuna kujenga, na aliyemo atoke. Wataalamu walichora mstari wakifuata pale maji yanapofika yakijaa. Mkuu wangu wa idara, Bwana Abraham, alinipa mimi kazi ya kusimamia upigaji wa vigingi vya mstari huo huko uwandani, na nyuma yetu watu wa vikundi vya mazingira walikuwa wakipanda miche ya mikoko.

Tukiwa katika kazi hiyo tukafika kwenye stoo kubwa ya mkaa, malori ya Handeni yamejipanga mlangoni. Ukutani pameandikwa kwa rangi nyekundu: HABAKUKI NA WANAWE. Nikasimama kwenye tope viatu vikizama. Mama, ndiye. Baba mdogo Habakuki, mdogo wake baba, amenenepa, amevaa kofia ya pama, anawafokea wapagazi. Hakunitambua. Kazini wananiita Bi Mdoe, na mara ya mwisho kuniona nilikuwa mtoto wa shule.

Wacha nikukumbushe, maana wewe umesamehe mpaka umeanza kusahau. Babu alikuja Tanga akiwa manamba, kibarua wa mkataba, akakata mkonge wa watu maisha yake yote, na alipopata shamba lake Kwamsisi akalizungushia mkonge kuwa mpaka, kwa sababu ndiyo mmea alioujua. Baba akafa. Kwenye kumaliza matanga wazee wakamkabidhi Habakuki shamba alitunze mpaka tukue. Alilitunza kweli! Aling'oa mstari wa mkonge akaupanda upya karibu na mlango wetu, akawaambia wazee kwamba ndipo ulipokuwa tangu enzi za babu. Mvua zikanyesha na mkonge ukashika, nani angebisha? Lakini mkonge haung'oki wote. Mizizi inabaki chini, na masika yale machipukizi yakatoka kwenye mstari wa zamani, yamejipanga kama wanafunzi mstarini. Mimi niliyaona. Nilimwona na yeye asubuhi akipita na jembe akiyang'oa moja moja. Niliposema barazani, mzee mmoja akaniambia mtoto wa kike asitie ulimi kwenye mambo ya ardhi.

Kaburi la baba likabaki upande wake. Tukawa tunaomba ruhusa kwenda kulifagia. Kisha akauza kwa wachoma mkaa, nao hawaombwi ruhusa, wakajenga tanuru juu yake. Leo hakuna ajuaye baba amelala wapi. Wewe ukahamia Kilole, ukawa unashinda Mombo ukikimbilia madirisha ya mabasi na sinia la mayai kichwani, mpaka goti likaharibika. Ulisema tumwachie Mungu. Mimi sikumwachia, mama. Nilimtunza Habakuki moyoni miaka yote hiyo, nikimpalilia.

Basi stoo yake ikaonekana imo ndani ya ukanda. Alikuja kwenye kikao cha wananchi akapiga kelele mpaka kofia ikaanguka, akasema mpango huu ni wa kuwaonea watu wa bara. Bwana Abraham akafungua ramani, akamwonyesha kwa upole. Ramani haibishani. Siku ya kubomoa nilikwenda kuangalia. Nilinunua mihogo ya kukaanga nikasimama kivulini nikila, na kila bati lililoanguka nilisikia raha ambayo sijawahi kuisikia kanisani. Nisamehe kwa kusema hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa. Wanawe waligawana malori wakatokomea. Mke wake alishafariki. Akabaki peke yake na begi moja.

Baada ya hapo akaja ofisini kwangu. Nilidhani amekuja kulia. Hakulia. Alikaa, akaweka kofia magotini, akasema kwamba nyuma ya pale palipokuwa stoo yake kuna miche ya mikoko imechipua kwa mstari mzuri, mbali na vigingi, na haikujipanda yenyewe. Akasema yeye anaijua kazi ya namna ile, kwamba mtu anaweza kuhamisha mpaka lakini ule wa zamani utachipua tu. Halafu akanitazama sana, akaniuliza mimi ni mtoto wa nani.

Nikamjibu kwamba mimi ni mtoto wa Lukasi wa Kwamsisi.

Ndiyo, mama. Ni mimi niliyehamisha mpaka. Mstari wa wataalamu ulipita nyuma ya stoo, ukamwacha nje kabisa, salama. Miche ilikuwa imeshapandwa kwenye mstari huo. Nikang'oa vigingi nikavipeleka mbele ya mlango wake, nikarekebisha na ramani, na Bwana Abraham akatia saini kwa sababu ananiamini. Miche sikuing'oa. Nilirudia kosa lile lile nililoliona kwa macho yangu nikiwa mtoto.

Na si hilo tu. Ili ukanda usizidi ukubwa uliopitishwa, nilipunguza upande wa pili, kwenye mdomo wa mto. Sehemu niliyoiachia ikakatwa mikoko yote mara moja, na masika haya maji yakaingia kwa mama mmoja anaitwa Joyceline, mshonaji, yakachukua cherehani na godoro na ukuta mmoja. Hajanikosea chochote huyo mama. Ninampitia njiani ananisalimia vizuri kabisa. Hilo linaniuma, na nitalirudisha mahali pake hata nikifukuzwa. La Habakuki haliniumi hata kidogo.

Unajua alisema nini baada ya kunitambua? Alicheka. Akasema damu ni damu, sasa mimi na yeye tuko sawa, tumelipana. Sawa! Stoo ya mkaa kwa kaburi la baba! Kisha akasema hatanisemea kwa wakubwa, ila nimsaidie jambo moja dogo: amezeeka, hana pa kulala, na mke wa kaka yake hawezi kumfukuza. Akaniomba nikuandikie umpokee Kilole, umpe chumba cha uani. Alijua neno langu kwako ni zito. Nikamwambia aje kesho yake, barua itakuwa tayari.

Barua ndiyo hii, mama. Na aliyekukabidhi ndiye yeye. Nimeifunga kwa gundi na gamtepe, na nimemwambia ukiona imefunguliwa hutamsikiliza. Amekuja nayo kutoka huku mpaka Korogwe, mfukoni, upande wa moyo, akidhani nimemwombea.

Usimpokee. Nakuomba hivyo kwa jina la baba. Akitoka hapo atarudi kunichongea, na kazi nitaipoteza, na pesa ya dawa zako itabidi tuitafute kwingine. Nimeyafikiria yote hayo, nimekubali. Lakini mlango ni wako. Ukitaka kumsamehe tena siwezi kukuzuia. Ila umsomee kwanza, kwa sauti ile unayosomea meseji zangu, majirani wasikie. Anzia pale pa mkonge, na usiruke kaburi.

Mdoe na watoto wanakutakia afya. Mpe pole jirani yako Mama Angel kwa msiba. Nisalimie wote walio hapo nyumbani, isipokuwa huyo aliyekaa mbele yako.

Mimi mwanao nikupendaye,
Loyce Lukasi