Rangi ya Mdomo Kwenye Kava ya Klachi

Shosti, acha unachofanya usome!

Ile kava ya klachi ya pikipiki yangu, iliyopasuka nilipoanguka kwenye changarawe? Nimeichomelea mwenyewe. Ndani nikaongeza bamba la alumini ili isipasuke tena.

Nikawasha pale gereji kwa mume wa dada, mafundi wake wote wanatazama. KRRRRR! Bamba linasugua klachi! Nilitamani ardhi inimeze.

Shemeji akacheka mpaka akashika mbavu. Eti, "Shemeji, wewe rudi kwenye rangi ya mdomo."

Rangi ya mdomo! Mimi!

Nikafungua kava, nikatoa ile nyekundu yangu kwenye pochi, nikaipaka klachi yote. Nikarudisha kava, nikazungusha injini kwa mkono, nikafungua tena. Bamba lina alama nyekundu palepale linapogusa. Nikasaga hapo tu kwa tupa, nikafunga.

Nikawasha. Shosti, inanguruma vizuri, na oili haivuji hata tone!

Mafundi wakasogea karibu. Shemeji ndiye aliyeuliza, sauti chini, "Umejuaje pa kusaga?"

Nikavaa helmeti yangu taratibu.

"Si ulisema nirudi kwenye rangi ya mdomo? Nilirudi."