Ile Safari Yenu ya Kupumzika Murongo

Dodoma, Jumatano

Deusdedit mwanangu,

Unanidanganya, na unanidanganya vibaya. Kama umeamua kumdanganya mama yako mzazi, basi fanya kazi hiyo vizuri, usimtumie mtu aliyezaliwa Kibingo, huko huko upande wa Murongo, habari kwamba unakwenda Murongo kupumzika na umebeba mikungu minane ya ndizi. Nani anapeleka ndizi Murongo? Huko ndizi wanalisha mbuzi. Nimekulea, nimekusomesha mpaka ukanipita, na bado huwezi kutunga uongo ambao mama yako hataukamata akiwa Dodoma, ameketi na mtoto mapajani.

Sasa pokea salamu. Shikamoo yako ya kwenye simu niliisikia, ilikuwa ya mtu anayekimbizwa, nami naiitikia hivyo hivyo, marahaba. U mzima? Mkeo Edina mzima? Kikohozi cha Anastazia kimekwisha au bado mnamnywesha dawa za dukani? Kibanja changu kimepaliliwa? Mbuzi wangu mweusi amezaa? Nijibu kimoja kimoja. Usiniandikie tena kwamba wote hawajambo, kama mtu anayejaza fomu.

Mimi nipo. Mapacha wa dada yako Adventina wana miezi saba, wazito kama mawe, na mgongo wangu unajua. Mkwe wangu ananiheshimu, sina la kusema. Ila nchi hii ni kavu, mwanangu. Upepo unaingia na vumbi mpaka kwenye sufuria. Ndizi zinauzwa kwa kuhesabiwa kidole kimoja kimoja, na ukizipika zinabaki ngumu, hazina ladha. Juzi nilizimenya nikalia, Adventina akadhani nimejikata. Kanisani wanaimba vizuri, lakini hakuna anayejua mimi ni nani. Huko nyumbani Kituntu nikipita njiani watu wananiita Ma Kokwijuka na wanasimama. Huku mimi ni bibi wa mapacha, basi.

Barua hii naandika kwa mkono wangu. Unajua nilisoma darasa la pili tu, na kisomo cha watu wazima, kwa hiyo nimeanza jana asubuhi mapacha walipolala na sijamaliza. Adventina hajui ninachoandika. Ningeweza kupiga simu. Nimepiga mara tatu, na mara zote tatu maneno yamekwama. Mara ya kwanza uliweka sauti kubwa, nikasikia wanaume wanacheka nyuma yako. Mara ya pili ukaniambia, "Mama, tunakwenda kupunga upepo tu, na wewe una wasiwasi kama kuku aliyeatamia." Mara ya tatu nikazungumzia mbuzi. Maneno yenyewe si ya simu. Kuna Sista mmoja wa Kayanga anayesali nasi, anapanda basi kesho Alhamisi alfajiri, atafika Ijumaa. Ameniapia kwamba atampa mtu wa pikipiki ailete mpaka mlangoni kwako siku hiyo hiyo. Nyinyi mnaondoka Jumamosi. Naomba Mungu basi lile lisiharibike njiani. Tangu Jumapili sijala nikashiba.

Nisikilize nilivyojua. Uliponiambia Murongo, nilikuwa nakoroga uji wa watoto, ukaungua wote. Nikajituliza, nikasema labda kweli mwanangu amechoka, anataka kuwaonyesha watoto mto Kagera na yale maduka ya zamani yenye vibaraza virefu. Ni mji mdogo mzuri, sikatai. Lakini nikajiuliza, mkulima gani anakwenda kupumzika kahawa ikiwa bado kwenye mikeka? Halafu Anastazia akachukua simu, akaniambia mama yake ameshonewa kitenge kipya cha safari, na kwamba wao watoto watakaa nyuma ya pikapu juu ya ndizi, na baba amesema wakisimamishwa waimbe. Mtoto yule alifurahi sana kuniambia. Nikamwuliza mtalala wapi. Akasema, kwa Ta Byera, yule mwenye mitumbwi.

Hapo nikakaa chini sakafuni na simu mkononi.

Deo, chini ya zile ndizi kuna kahawa. Unataka kuivusha mto, ng'ambo, Uganda. Mke umempendezesha na watoto umewapandisha juu ili mwonekane wageni mnaokwenda kutembea. Usiniulize nimejuaje. Nimejua kwa sababu ujanja huo si wako. Ni wangu. Mimi ndiye niliyeubuni, wewe ukiwa na miezi tisa mgongoni mwangu.

Mmeambiwa siku zote, wewe na Adventina, kwamba baba yenu Petro alikufa kwa kichomi. Si kweli. Baba yenu alikufa maji, Murongo, mchana kweupe. Baba yako mdogo Projestus anajua, na wale walionisaidia kumwosha wanajua, lakini wengi wao wameshakufa. Nilikataza lisisemwe. Leo nalisema.

Wakati ule kahawa ilikuwa na bei nzuri ng'ambo kuliko kwetu, kama unavyoona wewe sasa, na chama cha ushirika kilikuwa kinachelewa kulipa, kama unavyolalamika wewe sasa. Wanaume waliokwenda peke yao na magunia walikamatwa. Nikamwambia Petro, mwanaume peke yake ni mfanyabiashara, lakini mwanaume mwenye mke, mtoto na kikapu cha chakula ni mgeni anayekwenda kuwaona ndugu. Alinisifu. Nami nilijiona nina akili kuliko wanawake wote wa Kituntu. Nikavaa gauni langu la harusi. Adventina tukamwacha kwa bibi yake. Tukaweka ndizi juu, magunia mawili chini, na lori la mtu mmoja likatufikisha mpaka Murongo, tunaimba.

Tulifika salama. Hakuna aliyetuuliza kitu. Tukapumzika kwenye kibaraza cha duka, mwenye duka akatupa chai. Wavushaji walisema tungoje saa ya chakula, askari wakienda kula. Chini kidogo ya mji kuna mahali maji yanaonekana yametulia, lakini kwa ndani yanavuta. Mimi wale wavushaji sikuwaamini. Nilisikia kwamba wakifika katikati wanamsukuma mwenye mali ama wanageuka naye na kumwacha upande wa pili bila kitu. Kwa hiyo kabla hajashuka nilichukua kamba ya mgomba, ile niliyosokota mwenyewe, nikailoweka kwenye maji ili ishike, nikamfunga baba yako mkono wa kulia pamoja na magunia yote mawili. Nikamwambia, "Petro, hapo hata wakitaka kuiba, watakuiba na wewe."

Akacheka. Akasema, "Mama Adventina, unanifunga kama mbuzi wa sokoni."

Nikamwambia mbuzi hana maneno mengi hivyo, nenda, wale askari hawali siku nzima. Hayo ndiyo maneno yangu ya mwisho kwake.

Mtumbwi ulifika katikati ukageuka ubavu. Sijui uligonga jiwe au walikosea kasia. Wavushaji walijirusha wakaogelea. Baba yako alikuwa anaogelea kuliko wao wote, alijifunzia mto huo huo akiwa kijana. Nilimwona akitokeza kichwa. Nikaona mkono wa kushoto. Wa kulia haukutokea.

Na mimi nilikaa kibarazani na kikombe cha chai, na wewe mgongoni. Sikupiga kelele, Deo. Askari walikuwa hatua chache, wanakula, na mimi nilikuwa mgeni niliyekuja kutembea. Nilifikiri nikipiga kelele watatukamata. Nilifikiri ataifungua ile kamba. Kwa hiyo nilinyamaza, nikangoja aifungue. Lakini fundo langu halifunguki, wewe mwenyewe umeshindwa mara ngapi kufungua mizigo ninayofunga mimi. Walimpata siku ya tatu, amenasa kwenye mafunjo, na magunia bado yako naye.

Sasa umejua kwa nini sikuwahi kukupeleka kule, na kwa nini redio ikitaja mto Kagera naizima. Ulikuwa unaniita mwoga, wewe na mkeo mnanicheka. Naam, naogopa.

Utaniambia siku hizi mitumbwi ina mashine. Mto hauna habari na mashine. Utaniambia Byera ni mzoefu. Hata wale walikuwa wazoefu, ndiyo maana waliogelea wakafika. Utaniambia watoto hawatavuka, watakaa tu mjini na mama yao. Hapo ndipo ninapoogopa kuliko pote. Edina atakaa kibarazani kwenye kitenge chake kipya, na Anastazia pembeni yake, na watakuona. Unataka mtoto wa miaka kumi aone alichoona mama yako? Mimi nilikuwa mtu mzima na bado sijaacha kukiona.

Sikukatazi Murongo. Nakukataza kwenda nilivyokwenda mimi. Mapacha wakianza kusimama nitarudi, Adventina ameshanikubalia, na hiyo itakuwa baada ya kahawa kwisha, watu wote wamepumzika kweli. Hapo tutakwenda wote, na nitakuambia tutakavyokwenda. Tutapanda gari la abiria kama watu wengine, kupitia Omurushaka na Nkwenda, na mimi nitakaa dirishani. Mikononi tutabeba nguo tu. Kwa Byera hatulali. Tutatafuta nyumba ya wageni kule juu, mbali na maji, yenye kitanda cha mtu mwenye mgongo mbovu. Asubuhi hatuamki mapema, nasema hatuamki kabisa, mpaka Edina achoke kulala. Tutakunywa chai kwenye kibaraza cha yale maduka, kama bado yapo, nami nitawaonyesha watoto ile milango mizito ya mbao na nguzo za kivuko cha zamani. Tutakula samaki na ndizi za huko huko. Hakuna atakayekuwa na haraka.

Halafu mchana, saa ile ile ya chakula, tutashuka mpaka ukingoni kwa miguu. Hakuna atakayegusa maji, hata kunawa. Nitakuwa na kahawa ya kutafuna, ile ninayoichemsha na majani yake na kuianika, kwa sababu hatukaribishi mtu wala hatuagani na mtu bila hiyo, na Petro niliachana naye bila kumpa hata punje. Nilikuwa na haraka ya askari. Nitawagawia nyinyi wote mkononi, na yake nitaiweka pale chini. Anastazia akiuliza ni ya nani, wewe ndiye utakayemjibu. Mimi sitaweza.

Hayo ndiyo matembezi. Hiyo yenu ni mazishi mnayoyapeleka kwa pikapu.

Msalimie Edina mkwe wangu, mwambie sina ugomvi naye juu ya kitenge, akitunze, atakivaa siku yake ikifika. Msalimie shemeji yangu Projestus, baba yako mdogo, na umwambie nimelisema lile jambo mwenyewe, asiendelee kulibeba. Jirani yangu Ma Leokadia anayenilishia mbuzi, mshukuru, ila mwambie yule mweusi akizaa asimkamue mpaka mtoto wake ashibe, namjua. Mzee wa kanisa wa mtaa wetu anikumbuke katika sala za Jumamosi hiyo, asiulize kwa nini. Watoto wote wabusu, na Anastazia usimpige kwa kuniambia. Yeye ndiye mwenye akili katika nyumba hiyo.

Ni mimi mama yako,
Ma Kokwijuka

Deo, usiikunje barua hii uiweke mfukoni. Mpe Edina sasa hivi, aisome kwa sauti mbele yako, na kabla hamjala shusheni magunia kwenye hiyo pikapu, muirudishe kahawa kwenye mikeka. Kamba zote mlizofungia, zikate kwa kisu. Usijaribu kuzifungua.