Nilivyombeba Nestori Mlimani

South End,
Louisville, Kentucky.
14 Septemba 2025

Mpendwa mdogo wangu Donati,

Salamu kwanza, hasira baadaye. Hamjambo hapo Riverside, Buffalo? Wifi yangu Caritas ameshapata nguvu baada ya kujifungua? Mwambie asilale karibu na dirisha, maana upepo wa mto wenu naukumbuka tangu nilipokuja kuwasaidia kuhamia. Olivier anapenda shule yake, au bado analia mlangoni? Na wewe, kifua chako kinaendeleaje na hiyo kazi mpya ya Kenmore? Usisahau kuvaa sweta ndani ya koti, hata kama wenzako wanakucheka.

Mimi sijambo. Magoti yananiuma nikishuka ngazi kazini, lakini ni maumivu ninayoyapenda, utaelewa mbele. Wazee wangu kule kwenye nyumba ya kulelea wazee huniuliza habari za Peru kila asubuhi. Mmoja anaamini nilikwenda Afrika, nami nimechoka kumkatalia.

Ujumbe wako niliupata. Unauliza kwa nini shemeji Nestori hapokei simu yako tangu turudi safari, na unauliza kama nitakuja Buffalo Jumamosi ya mwisho wa mwezi kumtoa nje binti yenu. Nimeamua kukujibu kwa karatasi, kwa sababu kwenye simu una tabia ya kusema "dada, yaishe" kabla sijafika katikati. Karatasi huwezi kuikatiza.

Nianzie Columbus, mlikokuwa mkiishi kabla ya Buffalo, ingawa najua hujasahau. Olivier alipozaliwa mliniita kama inavyotakiwa. Kwetu mtoto hatoki nje mara ya kwanza mpaka shangazi yake amfunge mgongoni na kumpitisha mlangoni mbele ya watu. Mimi na wewe tulitolewa hivyo, na hata kule Tanzania, kambi ya wakimbizi ya Mtabila, desturi haikuachwa, ingawa mlango wenyewe ulikuwa kipande cha turubai. Basi niliendesha gari kutoka hapa mpaka Columbus, nimebeba kitenge kipya nilichokifua kwa mkono ili kiwe laini. Nikainama. Caritas akaniwekea mtoto mgongoni. Nilikuwa nakaza fundo aliposimama kaka yake Caritas.

"Ngojeni kidogo," akasema Nestori. "Mgongo huu haujawahi kubeba wa kwake. Tusimwanzishie mtoto mkosi."

Akaja akalifungua fundo kwa mkono wake. Ukumbi ulikuwa umejaa watu tuliokua nao, na baadhi walicheka. Mtoto alichukuliwa akapewa mpwa wa Nestori, msichana ambaye hata hakuwa wa upande wetu. Wewe ulikuwa umekaa mbele na suti yako mpya, umeshika chupa ya Fanta, ukawa unaiangalia ile Fanta kana kwamba ndiyo iliyosema.

Mimba zangu zilizotoka unazijua. Nestori naye alizijua, na ndiyo maana alichagua neno lile. Sitakuambia niliumia, ingawa niliumia. Nakuambia nilimchukia. Niliilea chuki ile vizuri, nikailisha asubuhi na jioni, ikanenepa.

Kwa hiyo niliposikia kwamba wale waliokulia Mtabila wanapanga kwenda Peru, kutembea milimani siku kadhaa na mwongozaji mpaka kwenye magofu ya mji wa kale wa Wainka, na kwamba mkuu wa msafara ni Nestori, nilijiandikisha siku ileile. Watu walidhani napenda historia. Mimi nilitaka tu mlima, na Nestori juu yake. Nilitaka kila kambi atakayofika anikute nimeshakaa, nimevua viatu, nakunywa chai.

Nikajiandaa. Mwaka mzima nikitoka kazini nilipanda kile kilima cha Iroquois Park na gunia la mchele mgongoni. Mzee mmoja mwenye mbwa alinisimamisha akaniuliza kama gari langu limeharibika. Nilimwambia hapana, kuna mtu namfanyia mazoezi.

Tulikutana wote mji wa Cusco. Huko hewa ni nyembamba, ukifunga kamba za viatu tu unahema. Sokoni tulimwona mama mmoja amembeba mtoto mgongoni kwa kitambaa chenye rangi nyingi, fundo kifuani, kama kwetu kabisa. Leya, yule tuliyekuwa tukiimba naye kwaya, akafurahi mpaka akapiga kelele. Nestori akanitazama mimi, akacheka kimya kimya.

Safari yenyewe ilianza kwa kufuata mto, jua likiwa zuri. Mwongozaji wetu aliitwa Wilber, kijana mfupi mwenye subira, na wapagazi walikuwa wanatupita mbio na mizigo mikubwa kuliko wao ili wakasimamishe mahema mbele. Nestori alikuwa na fimbo mbili za kutembelea, miwani ya jua, na kofia ambayo sijui ni ya kuwinda au ya kuvua samaki. Alitembea mbele ya Wilber, akawa anatueleza mambo ambayo Wilber alikuwa bado hajayasema. Mchana nilimpita, na jioni alinikuta kambini nimevua viatu. "Shemeji, umetumia njia ya mkato?" akauliza. Nikamwambia chai bado ni ya moto, akae.

Siku iliyofuata ndiyo ya kupanda mpaka juu kabisa, mahali ambapo njia inavuka mlima. Wilber alituambia wenyeji wanapaita kwa jina la mwanamke aliyekufa, kwa sababu ukiutazama mlima kutoka chini unaona kama mwanamke amelala. Nestori akageuka nyuma akanitazama. "Basi Angelika ndipo atakapobaki," akasema, na wenzake wakacheka, maana ndiyo kazi waliyokuwa wameizoea.

Ngazi za mawe, Donati. Wale watu walizipanga moja moja, nyingine zinafika gotini, na huoni mwisho. Nilipanda nikimfikiria yeye, na nakuapia kumfikiria kulinisaidia kuliko yale majani ya koka tuliyopewa tutafune. Nilifika juu wa kwanza. Nikasimama kwenye upepo nikamngoja. Wakaja wote, yeye akaja wa mwisho, rangi ya majivu, bila kofia.

Hapo juu alitapika. Tulipoanza kushuka upande wa pili akawa anayumba na kuongea maneno yasiyoshikana, kisha akakaa kwenye ngazi akasema kichwa kinapasuka na miguu haimtii. Wilber alimpa hewa ya chupa, akatuambia dawa ni moja tu, ashuke chini haraka, asikae pale. Wapagazi walikuwa wameshateremka mbali. Wilber akamtuma msaidizi wake akimbie kuwarudisha, na yeye mwenyewe akajaribu kumbeba Nestori, lakini kijana ni mwembamba, walianguka wote wawili.

Nikakaa ngazi moja juu yake. Nisikudanganye, nilifurahi. Nilimtazama anavyotetemeka nikasema moyoni, sasa mkosi ni wa nani? Kitenge kile cha Olivier nilikuwa nacho kwenye mfuko. Nilikibeba kwa sababu nilitaka kifike juu ya mlima na mimi, basi. Nikakitoa nikakikung'uta mbele ya macho yake.

Rudasingwa wa Columbus, yule Mkongomani aliyeoa binti wa Mtabila, ndiye aliyeelewa kwanza, akaniita dada kwa lugha ya kwao. "Donc, yaya, utamuweza huyu? Iko muzito!"

"Wazee wazito kuliko huyu nawanyanyua kila siku," nikamjibu. "Lakini hawa wangu huwa wanaomba."

Nestori si mkubwa, unamjua, mdomo ndio umemzidi. Nikainama mbele yake, mgongo nikauweka pale anapouona vizuri. Nikamwambia, "Mgongo ni huu. Unaukumbuka?" Akafumba macho. Nikamwambia, "Aliyenibeba mimi nilimwita mama. Wewe utaniitaje?"

Wilber hakuelewa Kiswahili, alikuwa anasema tu haraka, haraka. Rudasingwa na Leya walielewa kila kitu. Upepo ulivuma. Nilikuwa tayari kungoja, Donati, na sijui ningengoja mpaka lini, na sitaki kujua.

"Mama," akasema Nestori. "Nibebe."

"Sijasikia, upepo."

"Mama, nibebe!"

Nikambeba. Rudasingwa alimsukuma kwa nyuma, Leya akanisaidia kupitisha kitenge chini ya makalio yake, fundo nikalikaza mwenyewe kifuani. Wilber alitangulia, amenishika mikono. Nilishuka ngazi baada ya ngazi, nikipumzika na kuanza tena, na kila nilipopumzika Nestori aliweka kichwa begani kwangu na kukoroma kidogo. Leya, Mungu ambariki, akaanza kumwimbia wimbo wa kubembeleza watoto. Rudasingwa alicheka mpaka akakaa chini. Nilitembea hivyo mpaka tukakutana na wapagazi wanapanda, wakampokea, na kufika kambini alikuwa ameshapata akili ya kutosha kuona aibu.

Kesho yake alitembea polepole, nyuma yangu, bila kutueleza chochote. Na asubuhi ya mwisho tulifika kwenye lango la mawe, ukungu ukafunguka, tukauona ule mji chini yetu. Siwezi kukuelezea sawasawa. Kuta zimepangwa bila saruji, mawe yamebanana kiasi kwamba kisu hakipiti, na majani mabichi kila mahali. Wengine walilia. Mimi nilifikiri kwamba watu waliojenga kitu kama hiki mahali kama hapa lazima kuna mtu walikuwa wanataka kumwonyesha. Nikawapenda sana.

Pale penye magofu nilimsikia Nestori akiwaambia watalii wa Kanada kwamba aliteleza kidogo na mwongozaji akamsaidia. Nasikia hata Columbus ndivyo alivyosimulia kanisani. Ndiyo maana hapokei simu yako, anaogopa utamuuliza. Sasa umeujua ukweli, na usiponiamini mimi, Leya alipiga picha. Imetoka vizuri mno. Miguu yake inaning'inia.

Basi nikujibu la Buffalo. Nitakuja. Nitapita Columbus kumchukua Nestori, nimeshamtumia habari kwa Rudasingwa, atakaa kiti cha nyuma. Akikataa kuingia garini, ile picha itaingia kwenye kundi la WhatsApp la Mtabila kabla sijafika Cleveland. Akifika kwenu atasimama mbele ya watu wake, aniite kama alivyoniita mlimani, na fundo la kitenge atalifunga yeye. Hilo limekwisha, halina mjadala.

Nimebaki na wewe.

Nestori ni mtu wa nje. Alinitukana, nikamlipiza, na sasa nikilala nalala vizuri. Lakini wewe tulinyonya ziwa moja. Uliponing'inia mgongoni kwangu tukivuka mpaka kuingia Tanzania, nilikuwa mtoto mwenyewe, na hukuuliza kama mgongo wangu umewahi kubeba wa kwake. Miaka yote hii tangu Columbus umenipigia simu za Krismasi, umenitumia picha za Olivier, hujawahi kusema neno hata moja kuhusu siku ile. Ningeweza kumsamehe Nestori kesho. Wewe bado siwezi.

Kwa hiyo sikiliza. Siku hiyo sitainama kwanza. Nitakaa kwenye kiti mpaka wewe usimame mbele ya wakwe zako, useme kwa sauti kwamba huyu ni dada yako, kwamba alidhalilishwa ukanyamaza, na kwamba mtoto huyu ni wake kama alivyo wako. Usininong'oneze jikoni. Usiniambie kwenye gari. Ukisimama, nitainama. Usiposimama, nitakula wali wenu, nitawaaga vizuri, nitaondoka, na binti yako atangoja ndani mpaka ajue kutembea ajitoe mwenyewe.

Nisalimie wifi Caritas, mwambie hana kosa ila la kusema siri ya mimba zangu kwa kaka yake. Msalimie Olivier, mwambie shangazi ana zawadi yake ya kofia ya sufu kutoka Cusco. Msalimie mzee Ngarambe jirani yenu, na Mama Elie wa kwaya, nitafurahi kuwaona wote wamekaa mstari wa mbele.

Mungu ailinde nyumba yenu, ampe mtoto mchanga miguu yenye nguvu, na wewe akupe sauti.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata nikiwa nimekukasirikia,

Mama Nestori